Mama Chuang na Mtihani wa Kuogesha Mtoto

Mji wa Gangshan unajulikana kwa skrubu na kwa supu ya mbuzi, na familia ya Mama Chuang Chiu-lan iliishi kwa vyote viwili. Mwanawe Kuan-ting na mkewe Pei-shan walifanya kazi kiwandani. Mama Chuang, aliyefiwa na mumewe mapema, alisimama nyuma ya mkahawa na kisu chake. Watu walisema ukimkabidhi mbuzi mzima, chai yako haijapoa anakurudishia vipande vinavyolingana kama vimekatwa kwa mashine. Jumapili kisu kilipumzika, lakini mwenye kisu hakupumzika. Baada ya ibada alikuwa jikoni mwa kanisa, akichemsha tambi za waumini wote na kuimba tenzi kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

Mungu alipompa mjukuu, walimwita En-yu. Mama Chuang alimpokea kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa amekwisha kukisahau. Kila akitoka kazini alinawa mikono kwa limau ili harufu ya mbuzi itoke, ndipo ambebe.

Likizo ya uzazi ya Pei-shan ilipokaribia kwisha, jioni moja wakiwa mezani, Pei-shan alisema bila kuinua macho, "Mama, nimeongea na mama yangu kule Taitung. Yuko tayari kumchukua En-yu."

Mama Chuang aliweka vijiti chini. Taitung ni upande wa pili wa milima. "Amchukue mpaka lini?"

"Mpaka aanze chekechea. Tutakuwa tunakwenda kumwona kila mwezi."

"Kila mwezi! Akirudi si ataniita shangazi?"

"Mama, tufanyeje?" Kuan-ting aliingilia. "Mlezi wa hapa mjini anameza mshahara wote wa Pei-shan. Na wewe ukiacha mkahawa, nyumba hii itatushinda."

Mtoto mwenyewe alikuwa amelala, ngumi zake zimekunjwa kama anayejitayarisha kugombana na mtu.

"Iko njia moja," Pei-shan akasema polepole. "Wenzangu kiwandani wameniambia. Serikali inawapa posho wazazi wanaofanya kazi, wamlipe mlezi. Hata mlezi akiwa bibi wa mtoto. Ila lazima bibi awe na cheti."

"Cheti cha nini?"

"Cha kulea mtoto."

Mama Chuang alicheka mpaka supu ikampalia. Alipopata pumzi alimwelekezea Kuan-ting kidole. "Na huyu nilimlea kwa cheti gani? Tazama, kakua, kanenepa, kapata mke!"

"Mama, hawataki kumwona Kuan-ting. Wanataka cheti."

"Afadhali," Mama Chuang akasema. "Wangemwona yeye wasingenipa."

Siku iliyofuata alikwenda kujiandikisha.

Mafunzo yalikuwa katika chuo kimoja katika jiji la Kaohsiung, jioni kadhaa za wiki na Jumapili alasiri. Alifuatana na jirani yake, Mama Yeh, ambaye binti yake alikuwa na shida ileile. Mama Yeh alikuwa mtu wa hekalu. Kila asubuhi alichoma ubani na kuwaeleza miungu yake habari zote za mtaa, nani kagombana na nani na nyama imepanda bei kiasi gani. Kwa miaka mingi wanawake hao wawili walikuwa wakitaniana juu ya ukuta unaotenganisha nyua zao, na hakuna aliyewahi kumgeuza mwenzake imani wala aliyewahi kumnyima mwenzake chumvi.

Mwalimu wao, Bi Hung, alikuwa msichana mwembamba ambaye hajaolewa. Mama Chuang alidhani yeye ndiye atakayemfundisha mwalimu. Lakini somo la kwanza tu, Bi Hung alisema mtoto asiyetimiza mwaka asipewe asali hata tone, maana yaweza kumdhuru vibaya. Na Gangshan ni mji wa asali pia. Mama Chuang alikumbuka jinsi alivyokuwa akimpaka Kuan-ting asali kwenye ulimi kila alipolia, na jasho likamtoka.

"Kumbe!" Mama Yeh alimnong'oneza. "Nilikuwa najiuliza mwanao kapatwa na nini."

Tangu siku hiyo Mama Chuang alikaa kiti cha mbele.

Alijifunza kwa bidii, na mikono yake ilikuwa mepesi. Tatizo lilianza walipofika kwenye mwanasesere. Alikuwa wa mpira, mzito kama mtoto wa kweli, macho ya kioo, mdomo wazi. Mtihani wa vitendo ungekuwa juu yake. Kila mwanafunzi angemwogesha kwa utaratibu, macho kwanza, kisha uso, nyuma ya masikio, shingo, kwapa, mpaka vidole vya miguu. Na muda wote ilipasa aongee naye kwa upole, amweleze kila anachomfanyia.

Mama Yeh aliitwa wa kwanza. "Haya mwanangu mzuri, bibi anakufuta macho, eeh, usinikasirikie, ona maji yalivyo matamu!" Darasa zima likapiga makofi.

Mama Chuang akafuata. Alipima maji kwa kiwiko, akamfuta, akamgeuza, akamkausha. Hakumwaga tone. Lakini kinywa kilikuwa kimefungwa kama mlango wa duka siku ya mwaka mpya.

"Mama Chuang," Bi Hung akasema, "kwanza huyo si paja la mbuzi, mshike shingo. Pili, ongea naye."

"Nimwambie nini?"

"Chochote. Mwite mtoto. Mwambie unamfanyia nini."

Mama Chuang alimtazama mwanasesere. Mwanasesere naye alimtazama. Hakuna neno lililotoka.

Si ukaidi. Alikuwa amezaliwa katika nyumba ya watu wa ubani, akampokea Kristo alipoolewa. Baba yake alipofariki, kaka zake walimtaka asimame mbele ya kibao cha mbao chenye majina ya mababu, aongee nacho kama wanavyoongea wao. Alikataa, na akalia kwa sababu alimpenda baba yake kuliko wote pale. Kaka yake mkubwa hakumsalimu tena mpaka walipozeeka. Tangu siku ile Mama Chuang hakuwahi kusema neno kwa kitu kilichotengenezwa kwa mikono. Hata gari likigoma kuwaka, Kuan-ting hulitukana, yeye hunyamaza.

"Mimi naongea na miungu iliyojaa ukuta mzima kila siku," Mama Yeh alimwambia kwenye treni wakirudi. "Nikuazime ulimi?"

"Kaa nao. Ulimi wenyewe umekwisha kuchoka."

Lakini moyoni hakuwa na utani. Bi Hung alikwisha kumwambia waziwazi: asipoongea, atafeli kuogesha, na akifeli kuogesha hakuna cheti. Nyumbani alimkuta Pei-shan akikunja vinguo vya En-yu na kuviweka kwenye sanduku dogo. Aliona sanduku lenyewe ni lile ambalo Pei-shan alikuja nalo kutoka Taitung alipoolewa.

Jumapili, jikoni mwa kanisa, alimweleza Mchungaji Su.

"Mama, si dhambi," Mchungaji alisema, bakuli mkononi. "Ni chombo cha kujifunzia tu, hakuna anayekiabudu. Watoto wetu wa shule ya Jumapili wanaongea na wanasesere wao kutwa."

"Najua si dhambi, Mchungaji. Mimi najua. Ulimi ndio haujui."

Mchungaji alitaka kucheka, akaona macho yake, akaacha. "Basi tukuombee," akasema. Wakasimama kati ya masufuria ya tambi, wakaomba.

Siku ya mtihani Mama Yeh aliingia mbele yake na akatoka akicheka. Alikuwa amemwogesha mwanasesere na kumsimulia kisa cha mwenye nyumba wake, mpaka msimamizi akamwomba apunguze sauti. Kisha likaitwa jina la Mama Chuang.

Msimamizi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, amekaa na kalamu yake mkononi. Mbele yake beseni, taulo, mwanasesere. Mama Chuang alifunga aproni. Akamnyanyua mwanasesere, safari hii akimshika shingo. Akafungua kinywa. Kikafunguka, lakini sauti haikuja. Aliwaza treni ya kwenda Taitung inavyopita mahandaki ya milimani, na En-yu ndani yake.

Msimamizi akainua kalamu.

Ndipo Mama Chuang alipofumba macho na kusema jambo alilozoea kusema akikwama. "Bwana."

Sauti ikaja.

"Bwana, maji haya nimeyapima kwa kiwiko, ni vuguvugu. Sasa namfuta mtoto huyu jicho la kulia, kutoka ndani kwenda nje. Nalo la kushoto, Bwana, kwa upande safi wa kitambaa. Umlinde asione mabaya. Sasa namfuta mdomo. Umjalie aseme kweli, na asiwe mlafi kama baba yake."

Kalamu ilisimama hewani.

"Sasa shingo, Bwana, penye mikunjo, maziwa hujificha humu. Sasa kwapa. Sasa mkono huu, uufundishe kazi." Sauti yake ilikuwa imepata njia, laini, kama anavyoimba akiwa peke yake. Alifika kwenye magoti, akasita, uso ukamwiva kwa aibu. "Ee Bwana, nisamehe. Nimesahau nyuma ya masikio." Akarudi juu, akafuta sikio moja, akafuta la pili, akashuka tena mpaka vidole vya miguu, akimwombea mtoto kila kidole kisijikwae. Akamkausha, akamvisha nepi, akasema, "Amina."

"Mama Chuang," msimamizi akauliza, "ulikuwa unaongea na nani?"

"Na Mungu, mwalimu. Lakini mtoto alikuwa anasikia."

Msimamizi alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili, wakanong'onezana.

"Kanuni inataka mlezi aongee kwa upole muda wote na ataje kila hatua," mwenzake alisema hatimaye. "Haisemi aongee na nani."

Kisha akauliza, "Na kusahau masikio?"

"Alirudi mwenyewe bila kuambiwa," mwenye miwani akajibu. "Wengine hawarudi."

Mama Chuang alifaulu. Alipowapigia simu nyumbani, hakusema neno ila, "Toa vinguo kwenye sanduku," na Pei-shan akalia kwa sauti mpaka En-yu naye akaamka na kumsaidia.

Posho ya serikali haikuwatajirisha. Ilitosha tu Mama Chuang kutundika kisu, Pei-shan kurudi kiwandani, na mtoto kulala kwenye kitanda chake mwenyewe. Kwao hiyo ilikuwa baraka ya kutosha, na kila mwezi ilipoingia Mama Chuang alimshukuru Mungu kwanza, kisha serikali, kisha yule mama mwenye miwani, ambaye jina lake hakuwahi kulijua. Mama wa Taitung naye alikuja kila sikukuu na kapu la matunda, akikagua mjukuu na kusema amekonda. Hakuwa amekonda.

Tena alimwogesha En-yu kwa maombi yaleyale, kila jioni, jicho kwa jicho na kidole kwa kidole. Mtoto alipoanza kusema, kati ya maneno yake ya mwanzo lilikuwemo "kiwiko". Mama Yeh, akisikia ukutani, alikuwa akipaza sauti, "Chiu-lan, mwambie Mungu wako anisugue na mimi mgongo!"

Miaka ikaenda. En-yu alipofika darasa la sita, bibi yake alishikwa na ugonjwa ule ambao haukumwacha. Mwishoni hakuweza kunyanyua mkono. Alasiri moja Pei-shan alikuwa akibadilisha shuka, na En-yu, ambaye hakuna aliyemtuma, alileta beseni. Akaingiza kiwiko majini. Akakaa kando ya kitanda.

"Bwana," alisema, na sauti yake ambayo ilikuwa imeanza kuvunjika ikapanda na kushuka, "maji haya nimeyapima. Sasa namfuta bibi jicho la kulia, kutoka ndani kwenda nje."

Alimfuta macho yote mawili. Alimfuta mdomo, akaomba asisikie uchungu. Alimfuta shingo penye mikunjo, na mikono iliyofanya kazi. Pei-shan alikuwa amesimama na shuka kifuani, hajui aendelee au aache.

Mama Chuang alifungua macho. Alimtazama mjukuu wake kwa muda, na uso ukakunjuka kama zamani jikoni mwa kanisa.

"Nyuma ya masikio," akasema. "Umesahau. Rudi."