Farasi wa Dada Raheli

Mpaka leo nikipita Frere Town huzunguka nyuma ya kanisa, na si kwamba nina haraka, ni aibu tu, maana wako kina mama pale ambao wakiniona hunyoosha shingo wakalia kama mnyama, kisha wakaulizana mimi ni mtoto wa nani. Afadhali niwaeleze mwenyewe (naandika polepole, nivumilieni) kuliko mkasikie kwa watia chumvi.

Dada yangu Raheli alikuwa anaolewa Utange. Siku wakwe walipokuja kupanga safari ya bibi harusi, aliyesema zaidi ni shangazi wa bwana harusi, Shangazi Kadzo, ambaye siku ya harusi ndiye angemfungulia bibi harusi mlango. "Kwetu mabibi harusi huja kwa miguu au kwa motokaa," alisema. "Huyu akiletwa na punda, mlango siufungui. Nitamfungulia vipi mtu ambaye watoto wake wataitwa wa punda mpaka wazeeke?"

Dada akaniangalia. Motokaa hatukuwa nayo, na kwa miguu mpaka Utange lile vazi jeupe lingefika rangi ya udongo. Tulichokuwa nacho ni gari la Mjomba Kalama la kubebea mawe, na mnyama wake Sajini, nyumbu jike ambaye mjomba alimnunua jeshi lilipofunga kambi yake Changamwe baada ya vita. Nyumbu, kwa asiyemjua, mama yake ni farasi na baba yake ni punda, na yeye mwenyewe hazai.

"Wewe kijana," Shangazi Kadzo akanigeukia (kwa nini mimi, na mjomba yuko pale pale?), "mnyama wenu ni punda?"

Nilitaka kumweleza, wallahi. Lakini mbele ya wanawake nisiowajua ulimi hunikauka, na maelezo yalikuwa marefu, na jibu fupi lilikuwa karibu.

"Farasi, shangazi."

"Haya. Farasi nitamfungulia."

Walipoondoka mjomba alicheka mpaka akakaa chini. "Farasi! Masikio yale utayaweka wapi?" Nikasema nitayafunika. "Na mdomo? Nyumbu akilia huanza kama mama yake, akamaliza kama baba yake." Kisha akanihurumia, akanifundisha mambo ya vitani, kwamba nyumbu hawezi kulia asipoinua mkia, kwa hiyo askari walipojificha walikuwa wakiwafunga nyumbu wao jiwe mkiani.

Basi siku ya harusi masikio ya Sajini niliyakunja ndani ya kofia pana ya ukili iliyojaa asumini, na jiwe nikalifunga kwa kitambaa chekundu, nikalitundika mkiani na utepe, likawa kama pambo. Tulitoka kanisani vizuri, tukapita Kisauni watu wanatupungia, na mimi mwenye haya nikaanza kutembea kifua mbele kama niliyemzaa huyo farasi mwenyewe.

Tukafika uani Utange. Vigelegele. Shangazi Kadzo amesimama mbele ya mlango uliofungwa, akamzunguka Sajini mara moja, akakiona kile kitambaa chekundu. Nani angemlaumu? Kila harusi upande wa bibi huleta kifurushi cha mfungua mlango. "Jamani, wakwe zetu wana mapambo!" akasema, na kabla sijafungua mdomo amekwisha kufungua utepe, kifurushi kiko mkononi, anashangaa uzito wake.

Mkia ukainuka.

"Iiihihihihiii!" Safi kabisa, farasi wa gwaride, hata wazee wakatikisa vichwa kukubali, na mimi nikaomba Mungu aishie hapo. Hakuishia. "Hooo-hi! Hooo-hi! Hooo-hi!" na kwa nguvu ile kofia ikaruka, masikio yakasimama kama makasia mawili.

Shangazi Kadzo ameshika jiwe.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

"Nyumbu, shangazi. Mama yake ni farasi."

"Na baba?"

Nikatazama viatu vyangu (vya kuazima).

"Baba yake, nimekuuliza!"

"Punda."

"Basi mnyama amewataja wazazi wake wote wawili mbele za watu, na wewe uliyekwenda skuli ukamtaja mmoja!"

Walicheka mpaka waliokuwa jikoni wakatoka na miko yao. Lakini mlango ulibaki umefungwa, na nyuma yangu nikamsikia dada chini ya shela, "Nirudishe nyumbani." Hapo ndipo nilipopata sauti, sijui ilitoka wapi. "Shangazi, uongo ni wangu. Nifanye utakavyo, ila mfungulie dada yangu."

Akanipima kwa macho. "Nilisema bibi harusi haletwi na punda, na neno langu silirudishi. Mfungueni mnyama. Atavuta huyu."

Nikaingizwa baina ya ile miti miwili ya gari, na shati langu jeupe, nikavuta hatua kama hamsini kuzunguka ua mzima, Sajini kando ananitazama huku akitafuna asumini za kofia. Karibu na mlango nikahisi shada la maua la bibi harusi linanigonga mgongoni.

"Dii! Dii!" Dada Raheli alikuwa ananiswaga kama punda, anacheka na kulia pamoja. Mlango ukafunguliwa.

Tangu hapo nikiulizwa jambo nalijibu lote, hata linichukue asubuhi nzima. Na nikiulizwa habari za Sajini, naanza na baba yake.