Siku Bibi Alipoingia Kwenye Mnyororo

Juzi nilipeleka baiskeli ya mwanangu kwa fundi, hapa Sumbawanga mjini. Fundi akachomoa cheni, akaitumbukiza kwenye karai la mafuta ya taa, akaanza kuisugua kwa mswaki uliochakaa. Harufu ya mafuta na grisi ikapanda, na vile vipande vidogo vya chuma vikawa vinagongana ndani ya karai kwa mlio mwembamba. Nikabaki nimesimama kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoiona. Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu, upande wa Matai, nikiwa na miaka tisa.

Niwaambie ukweli, utotoni nililipenda sana neno mnyororo. Baba alikuwa na maksai wawili, na mnyororo uliounganisha nira na plau ulikuwa umesuguliwa na udongo mpaka unang'aa kama maji. Cheni ya baiskeli yake nayo tuliiita mnyororo, ingawa ilikuwa na tabia mbaya ya kutafuna pindo la suruali yake. Mama alikuwa na mkufu mwembamba wenye medali ya Bikira Maria, ambao ulitoka sandukuni Jumapili tu, na bibi alipoutaja kwa Kiswahili chake cha kuokoteza aliuita kinyororo. Hata shuleni tulifundishwa kushona mnyororo kwenye vitambaa vya meza. Wa kwangu ulikuwa kama jongoo aliyekanyagwa, lakini nilijivunia. Niliona ajabu kwamba neno moja linaweza kukaa shambani, shingoni mwa mama na kwenye kitambaa cha maua.

Kijiji chetu kilikuwa kipya. Tulikuwa tumehamishiwa pale pamoja na watu wa vitongoji vitatu, nyumba zimepangwa mstari mmoja kando ya barabara, na shule yetu ilikuwa banda la nyasi lililopitisha upepo wa Ufipa kila upande. Mwaka ule wanakijiji walifyatua matofali ya shule mpya bondeni, kwenye udongo mzuri karibu na kijito. Yalikuwa yameshakauka, lakini bado hayajachomwa, na mvua zilianza kunguruma mapema kuliko tulivyotegemea. Kijito kikijaa, kazi ya miezi mitatu ingerudi kuwa tope.

Mwalimu wetu, Mwalimu Ambokile, kijana mrefu kutoka Mbeya, akatuambia mstarini, "Kesho hakuna darasa. Kijiji kizima kitapanga mnyororo kutoka bondeni mpaka huku juu. Tofali litapita mkono kwa mkono."

Nilikimbia nyumbani nikiwa nimejaa furaha. Bibi, mama yake baba, alikuwa uani anapeta ulezi. Nikamwamkia, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Mnyororo wa nini?"

"Wa watu, bibi. Watu wote."

Aliuweka ungo chini, akaingia ndani, na ulezi ule kuku wakaula.

Jioni, kabla jua halijazama, balozi wa nyumba kumi, Mzee Kizito, alipita kuhesabu watu wa kila nyumba. Baba alijitaja, akamtaja mama, akanitaja mimi. Bibi akasema kutoka mlangoni, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi nipe jembe, nipe ndoo, nitachota maji ya wote. Kwenye mnyororo wa watu siingii."

"Mama, ni jina tu," Mzee Kizito alisema. "Hata ukikaa mwishoni, upokee moja moja."

"Nimekusikia, mwanangu. Siingii."

Mzee Kizito alimtazama baba, baba akatazama chini. Zile zilikuwa siku ambazo aliyekwepa kazi ya kijiji aliitwa kupe, na watoto wenzangu walilijua neno hilo vizuri mno. Nilimfuata bibi jikoni, nikamwambia kwa hasira ya kitoto, "Kesho watatucheka. Watasema wewe ni kupe."

Nilitegemea kofi. Badala yake alinivuta nikae kwenye kigoda chake, yeye akakaa chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Sikiliza, mke mwenza," alisema. Ndivyo alivyoniita siku zote kwa utani, maana nilikuwa mjukuu wa mumewe. "Mama yangu alikamatwa kisimani, hajavunja ungo. Alikamatwa pamoja na mdogo wake. Wakafungwa shingo kwa shingo na watu wengine, mnyororo mmoja, wakateremshwa kuelekea ziwani. Mdogo wake alikufa njiani. Wenye msafara wa watumwa hawakutaka kusimama. Mama alitembea naye hivyo hivyo mpaka walipofika pa kulala."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, niliteremka kigodani nikakaa chini karibu naye.

"Kisha na yeye akaugua. Wakaona atakufa tu, wakamfungua, wakamwacha kando ya njia. Watu wakamwokota. Ndiyo maana mimi nipo, na baba yako yupo, na wewe unanipigia kelele jikoni kwangu." Akagusa shingo yake chini ya sikio. "Alikuwa na kovu hapa. Aliponibeba mgongoni nilikuwa nalishika. Nilidhani mama wote wanalo."

Akachochea moto. Nilimtazama kama vile nilikuwa sijawahi kumwona. Mtu aliyenipikia uji kila asubuhi alikuwa amelishika jambo kubwa namna ile kwa vidole vyake vya utoto.

Kesho yake mawingu yalikuwa meusi upande wa Kasanga. Tulijipanga tangu bondeni, watu zaidi ya mia mbili, wanaume, akina mama wenye watoto mgongoni, mapadri wawili, sisi wanafunzi katikati. Mwalimu Ambokile aliinua tofali la kwanza, na basi, matofali yakaanza kupanda kilima. Siwezi kuwaeleza vizuri nilichoona. Hakuna aliyetembea, na bado matofali yalikwenda, kama nyoka mmoja mwekundu anayepanda bila kuchoka. Kila tofali nililopokea lilikuwa na joto la mikono ya mwenzangu.

Tatizo lilikuwa pale penye mteremko mkali, karibu yangu. Watu hawakutosha. Kati yangu na mama mmoja wa jirani palikuwa na pengo, ikabidi yeye apige hatua tatu kila mara, na matofali yakawa yanadondoka na kupasuka.

Nilipogeuka kufuta jasho, nikamwona bibi. Alikuwa amesimama kando na fimbo yake, anatazama mstari kutoka chini mpaka juu. Alitazama muda mrefu. Kisha akailaza fimbo kwenye nyasi, akaja, akasimama kwenye lile pengo, akanyoosha mikono.

"Lete," alisema.

Mama yule akampa tofali, bibi akanipa mimi. Mikono yake haikudondosha hata moja.

Baada ya muda akatoka mstarini. Akatembea hatua kama kumi, akasimama ametugeuzia mgongo, kisha akarudi mahali pake. Baadaye akatoka tena, akarudi. Na mara ya tatu.

"Bibi, umechoka, kapumzike," mama wa jirani alimwambia.

"Sijachoka," alijibu, na kweli hakuwa anahema.

Mimi nilikasirika kidogo, maana kila alipotoka nilipata kazi ya ziada. Mvua ilishuka alasiri. Matofali machache yaliliwa na kijito, mengi yalikuwa yameshafika juu chini ya nyasi na maturubai. Shule ile ipo mpaka leo.

Bibi alifariki nikiwa sekondari, na sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, ndipo siku moja nikazielewa zile hatua kumi. Alikuwa anajaribu kama mnyororo ule unafunguka. Alitoka mara tatu, hakuna aliyemwita wala kumvuta, na mara zote tatu alirudi kwa miguu yake mwenyewe.