Sikufunua Kitambaa

Jamani, nisitirini. Juzi, mimi fundi wa kompyuta, niliitwa kwenye kiwanda cha chumvi huko Gongoni, printa haisomeki kwenye kompyuta. Nje lori linapiga honi, linangoja karatasi za mzigo. Ofisini kila chombo kimefunikwa kitambaa, chumvi isikile. Kwa pupa yangu nikakalia kimoja, nikachomeka waya wa kile cha mezani bila hata kukifunua. Kompyuta hukiuliza kifaa jina lake kwanza, ndipo ikitafutie draiva, ile programu ya kukiendesha. Ikaniambia hii si printa. Nikabishana nayo! Nikailazimisha draiva ya printa tena na tena, jasho linanitiririka, honi inalia. Bi Mwanaisha, karani, akaja akafunua kitambaa.

“Hiyo ni mizani, mwanangu. Printa umeikalia.”