Kipini cha Lulu cha Somoe

Shangazi yangu Mwanakombo alizaliwa Msimbati, binti wa mzamia chaza. Alijua lulu kama wengine wanavyojua mihogo. Lulu njema, alisema, mng'ao wake hutoka ndani. Ukiipitisha kwenye meno hukwaruza kidogo, ya bandia huteleza. Wazee wa kwao walisema ni tone la mvua lililomezwa na chaza, na kwamba hufifia ikiguswa na mwenye husuda.

Mwaka 1952 mumewe Muhidini, kibarua wa bandari mpya ya Mtwara, alileta nyumbani kikapu cha chaza. Mwanakombo ndiye aliyewapasua, akaiona lulu. Baada ya miaka kumi na minne ya ndoa, alijua ni yake. Muhidini akaipeleka kwa sonara Mikindani. Ilirudi kwenye kipini cha fedha, puani mwa Somoe, mke mdogo.

"Bwana kasema nang'aa kuliko taa ya bandarini," Somoe alimwambia.

"Taa ya bandarini huwaonyesha wageni njia, mwenzangu."

Somoe akacheka sana. Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililomuuma shangazi zaidi.

Siku mbili kabla ya Idi alimkuta uani akikamulia ndimu kwenye kikombe, kipini kimo ndani.

"Dada, fedha imeingia weusi. Ndimu itautoa?"

"Ndimu ndiyo dawa ya fedha," akajibu, akaingia jikoni.

Hakusema uongo. Ila alijua ndimu huila lulu. Akakaa kwenye mbuzi, akakuna nazi, akiwaza Idi itakavyomkuta Somoe na kitu puani kama jino bovu. Moyo ukaburudika. Kisha akawaza watu watakavyosema: lulu imefifia, nyumba ile ina mwenye husuda. Hawatauliza ni nani.

Akaiacha nazi, akatoka mbio, akatia vidole kikombeni. Upande mmoja ulikwisha kufifia. Akaisuuza lulu kwa maji, akaipangusa kwa ncha ya kanga.

"Ivae, joto la mwili huitunza. Marashi jipake kwanza, kipini baadaye. Ndimu, usithubutu."

"Mbona hukuniambia mapema, dada?"

"Nilikuwa nafikiri."

Somoe alimshukuru hadi machozi. Tangu hapo, kila Ijumaa alimletea kipini akipanguse, maana hakuiamini tena mikono yake. Shangazi aliifanya kazi hiyo miaka saba.

"Nilikuwa naitazama weee," aliniambia, "halafu namvisha mwenyewe."