Kitabu cha Ng'ombe wa Darasa la Tatu

Binti yangu alichora kitabu akiwa darasa la tatu, na kitabu hicho nusura kimtoe shule.

Tulikuwa tumehamia Usangu na ng'ombe wetu, tukitokea Usukumani. Vitabu vya shule havikutosha, kwa hiyo mwalimu aliwaambia watoto watengeneze vyao. Wakakata mifuko ya saruji, wakaishona kwa uzi wa katani, na kila mmoja akatakiwa achore wenzake wa darasani. Sare ziliwafanya wote wafanane. Binti yangu akachukua mkaa na udongo mwekundu, akachora ng'ombe. Kila ukurasa ng'ombe mmoja, kila ng'ombe mwanafunzi mmoja.

Kwetu ukimfananisha mtu na ng'ombe umemsifu. Pale shuleni ni tusi. Darasa zima likamnunia. Mtoto akarudi nyumbani, akatupa daftari, akasema haendi tena. Baba yake akasema vizuri, ndama wanahitaji mtu. Mimi nilichunga ndama wakati wenzangu wanasoma, hakuna wa kunieleza habari za kazi hiyo. Asubuhi nikamshika mkono, nikampeleka.

Mwalimu alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Akanipa kitabu, akasema nijionee mwenyewe. Sikuwahi kusoma kitabu maishani. Hicho nilikisoma.

Nikasimama mbele ya darasa, nikafungua ukurasa wa kwanza: ng'ombe mwenye paji jeupe. Nikawaambia huyu ndiye anayeingia mtoni wa kwanza, wengine wakiogopa maji. Wote wakamgeukia msichana mrefu wa dawati la nyuma. Nikafungua mwingine, mwenye tumbo la mabaka. Nikasema huyu halali njaa, anajua kila ua lenye tundu. Hapo wakacheka, na aliyecheka zaidi ni mwenye tumbo lake.

Binti wa mwenye mashine ya kukoboa mpunga, aliyenuna kuliko wote, akasimama.

"Mbona mimi nimefungwa kengele shingoni?"

"Kengele hafungwi ng'ombe hovyo," nikamwambia. "Anafungwa yule ambaye wenzake wakipotea, wanamfuata."

Akakaa, mgongo wima kama mke wa mkuu wa wilaya.

Basi wote wakaanza kuniita: "Mama, na mimi! Mama, na mimi!" Nikawaambia wapange mstari, sikuja kucheza. Walipokwisha, mwalimu akauliza kwa sauti ndogo kama na yeye yumo. Alikuwemo. Dume jekundu, macho yamezungushiwa duara nyeusi. Akavua miwani akaifuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Kisha akamuuliza binti yangu yeye mwenyewe yuko wapi. Akajibu kwamba mchungaji hajihesabu. Mwalimu akasema kitabu hakijakamilika basi, akakimalizie nyumbani, kesho akilete.

Jioni ile mtoto alitwanga majani kwenye kinu changu, na kinu, hata nilipokiosha, hakikutakata mpaka kesho yake. Asubuhi akanionyesha ukurasa wa mwisho. Ndama anaruka, miguu yote minne hewani, kijani kibichi kama mpunga wa mwezi mmoja.

"Hakuna ndama wa kijani," nikamwambia.

"Yupo mmoja," akasema.

Akakumbatia kitabu, akaenda shule mbio. Siku hiyo ndama walichungwa na baba yake.