Ng'ombe au Mtu

Yule msichana wa chuo kikuu alinigeuzia kompyuta yake, nikaona maisha yangu yamewekwa pamoja na maziwa.

Tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa hapa Subukia, asubuhi ya ukungu, ule unaoshuka bondeni ukifuta miti ya kahawa mmoja mmoja mpaka unajiuliza kama kweli kuna shamba huko nje. Kwenye kioo kulikuwa na maneno yanaelea, madogo na makubwa, kila kundi na rangi yake. Ng'ombe. Malisho. Ndama. Maziwa. Na katikati yao, kubwa kuliko yote, madoadoa.

Mwaka uliotangulia alikuwa amezunguka akiturekodi sisi tuliofukuzwa huko juu, upande wa Olenguruone. Sasa mashine ilikuwa imeziandika sauti zetu na kuyagawa maneno, lipi liende na lipi.

"Hili kundi ni la mifugo," akaniambia. "Mama, kumbe mlipenda ng'ombe hivi."

Nikacheka, kicheko kisicho na meno. "Msichana wangu, hayo madoadoa ni mimi."

Akalitazama tena lile neno kwenye kioo. Yeye ni mtoto wa mjini, na wakati tunafukuzwa alikuwa bado ananyonya. Ikabidi nimweleze. Mwaka ule majirani zetu walisema ardhi ni kama ngozi safi, na sisi wa kuja ni madoadoa juu yake, tutolewe. Wengine walilisikia neno hilo kwenye mikutano. Mimi nililisikia langoni kwangu, kutoka kwa mwanamume wa ng'ambo ya kijito, aliyetulimia kila msimu kwa maksai wake, aliyekula chapati zangu kila Krismasi. Aliwaambia vijana wenye petroli, waliokuja kuchoma nyumba, "Anzeni na madoadoa ya hapa." Petroli ilitoka kwa mwenye posho mill, kile kinu cha kusaga mahindi pale njia panda. Naibu wa chifu alifunga ofisi akaenda kwa shemeji yake. Hao watatu niliwataja wote kwenye kile kinasa sauti, majina yao yote mawili mawili. Majina yakakatwa, ati ndiyo sheria ya utafiti. Kila mmoja akaandikwa MTU. Hilo nililimeza. Lakini lile neno kuitwa mifugo, hapana.

"Mashine haijui maana," msichana akasema. "Neno inalijua kwa majirani zake. Likionekana sana karibu na ng'ombe, inaliweka na ng'ombe."

"Basi haijanishinda. Hata mimi niliwajua watu kwa ujirani tu, na ona."

Akaniomba nimsaidie kuifundisha. Shule niliachia darasa la sita, lakini kazi yenyewe haikutaka kuandika. Akabandika karatasi ya kijani juu ya kitufe kimoja, nyekundu juu ya kingine. Kijani ni ng'ombe, nyekundu ni mtu. Akanivalisha vidude vya masikioni, na kila sentensi yenye neno lile ikaja kwangu moja moja.

Sauti walikuwa wamezibadilisha ili wenyewe wasijulikane. Zilitoka kama za watu wanaoongea ndani ya mtungi. Nilikaa siku tatu nikizisikiliza, huku ukungu ukipanda na kushuka dirishani, mpaka nikawa sijui niko Subukia au niko kule. Ndama wa madoadoa akapita akinusa majani. Kijani. Mwanamke akakimbia na sufuria tupu, hajui kwa nini aliibeba. Nyekundu. Kuku pia walikuwepo, na maharagwe yale ya madoadoa. Msichana akaniambia niyahesabu na ng'ombe tu. Nikaona ng'ombe wanamea kwenye mashamba kama mboga, na wala haikunishangaza.

Siku ya tatu likaja hili, sauti ya mwanamume:

"Huyo mama alinisema vibaya bure. Mimi nilimlimia miaka yote kwa maksai wangu. Siku ile niliposema waanze na madoadoa, nilimaanisha ng'ombe wake watolewe kwanza, wasiungue. Hajanielewa mpaka leo."

Kidole changu kikabaki hewani. Msichana akachukua kidude kimoja akasikiliza naye.

"Kumbe mliwarekodi na wao?"

"Pande zote, mama. Ni lazima." Akaniangalia. "Huyu unamjua? Ukimjua msemaji, sheria ni kwamba sentensi inaenda kwa msikilizaji mwingine."

Nikamwona huyo mwingine, mtu mzuri asiye na habari, amekaa mahali na chai yake, anasikia mzee mwenye huruma akiokoa mifugo. Kijani. Na mashine ingeshika hivyo, ifundishwe hivyo milele.

"Kwa maneno yake mwenyewe ni ng'ombe," msichana akasema polepole.

"Nilikuwa na ng'ombe mmoja," nikamwambia. "Mweusi tititi, pembe mpaka kwato. Huyo mwanamume mwenyewe ndiye aliyenichagulia sokoni. Alisema mweusi haonyeshi matope."

Nje hakukuonekana kitu. Msichana akavua kidude sikioni, akakiweka mezani kwa uangalifu, kama yai.

"Mama, sasa nimejua kwamba unamjua."

"Umejua."

"Inafaa nikutoe hapo."

"Nitoe basi. Nimeshazoea kutolewa."

Akainama kidogo. Halafu akasimama, akasema anaenda kuona kama maji ya chai yamechemka, na akafunga mlango nyuma yake.

Nikairudisha ile sauti mwanzo nikaisikiliza tena yote, nisije nikasema nilimwonea. Alisema yale yale. Miaka yote hii hakuna korti iliyowahi kuniita, si mimi, si yeye. Nikabonyeza nyekundu, na mwanamume wa ng'ambo ya kijito akanyamaza katikati ya pumzi.