Mkono wa Kushoto Mfukoni

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana hapa Makadara ukinitaja hata mbwa watajua ni mimi. Nimepita miaka sabini, fundi wa redio na tivi. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona nimeandika vibaya someni hivyo hivyo, sirudii. Lakini kazi naijua. Kutoka Njiru mpaka Pipeline, tivi ikishinda mafundi mwisho ililetwa kwangu, na ilitoka ikiongea. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Nilikuwa na kijana mmoja tu. Alikuwa na akili kama yangu, akaitwa chuo kikuu kusomea uhandisi wa elektroniki. Akiwa mwaka wa tatu alikuja nyumbani likizo, akafungua tivi moja ya zamani, zile zenye mgongo, hapo kwa kibanda changu, na stima ikamuua. Mimi nilikuwa nimempa kisogo, napiga stori na mteja. Siku ya kumzika nilisimama mbele ya pasta nikasema, "Chuo ndicho kimeniulia mtoto. Wamemfundisha kuchora stima kwa karatasi, hawakumfundisha kuishika." Na nimesema hivyo miaka yote, kanisani, kwa harusi za watu, popote nikipewa nafasi. Mama yake hajawahi kunijibu neno.

Sasa mwaka huu akaja mwalimu wa chuo hicho hicho, aliyesoma darasa moja na marehemu. Akanywa chai, akasema, "Baba, yale maneno yako ya kaburini hayajawahi kunitoka. Wanafunzi wangu wanapita mtihani, lakini ukiwapa redio mbovu wanaiangalia kama nyoka. Nimeomba wakuu wangu tubadilishe hili somo ninalofundisha. Kila mwanafunzi alete kitu kilichokufa kwao nyumbani, akifufue wewe ukimwangalia."

Nikamwambia, "Mmechelewa sana." Lakini moyoni nilifurahi, siwadanganyi. Chuo kizima kimekuja kwa mzee wa darasa la tatu. Mke wangu akanipigia koti la kazi pasi, akalitundika mlangoni kama la askofu.

Darasani nilitawala. Niliwaambia, "Nyinyi mnajua kuchora ng'ombe, kukama hamjui." Wakacheka, mmoja akasema, "Aki huyu fundi ametumaliza." Nikawapa sheria ya kwanza, ile niliyopewa kwa kofi na fundi aliyenifunza: ukigusa kitu chenye stima, mkono wa kushoto mfukoni. Mwalimu akaiandika ubaoni kwa herufi kubwa.

Kulikuwa na msichana mmoja ameleta redio ya nyanya yake. Nikamkuta anafanya kazi na mkono wa kushoto, wa kulia ndio uko mfukoni.

"Wewe, mkono gani huo?"

"Wa kushoto, Fundi. Mimi ni mashoto tangu nizaliwe."

"Badilisha. Sheria ni sheria."

Akabadilisha. Bisibisi ikamcheza kwa ule mkono wa kulia, ikateleza, na hapo hapo ule wa kushoto ukaruka wenyewe kutoka mfukoni kwenda kuidaka. Akajizuia hewani. Akaniangalia, akasema bila dharau, "Fundi, ukinilazimisha hivi ndio nitakufa. Si shida ni mikono miwili kuwa ndani? Stima ikiingia mkono huu na kutokea huu, inapita kwa moyo. Mmoja ukae nje tu. Wowote."

Nikamgeukia mwalimu nikingoja amnyamazishe. Akashika chaki akasema polepole, "Ni kweli, Baba. Ni wowote."

Ndugu zangu, kijana wangu alikuwa mashoto. Nilimtoa hiyo tabia kwa kiboko akiwa mdogo, maana mtu hasalimii watu wala hali chakula na mkono wa kushoto. Mama yake alikuwa akiniomba, "Mzee, mwache mtoto atumie mkono aliopewa na Mungu." Nikamwambia anyamaze, hajui mambo ya kazi. Na siku ile, nilipozima stima nikageuka, mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya tivi, na wa kushoto pia ulikuwa ndani, umedaka bisibisi. Miaka yote nimefikiri alisahau sheria yangu. Hakusahau. Aliifuata mpaka bisibisi ilipomponyoka.

Nilichukua kofia yangu nikatoka. Sijarudi tangu hapo. Kwa kibanda nasikia bisibisi ikianguka sakafuni, mchana kweupe. Nikigeuka, zote zimetundikwa ukutani. Kanisani watu wakiinua mikono kuomba, mimi naona ya kushoto tu.

Mwalimu ananipigia simu. "Baba, usiporudi wakuu watasema jambo limeshindikana, na hawa watoto watarudi kwa ubao." Yule msichana naye ameniandikia, "Fundi, redio ya shosho bado imekufa. Nakungoja." Nikirudi, lazima niifundishe ile sheria upya, na niseme kwa nini. Siwezi kuwaambia watoto wa watu kabla sijamwambia mama wa kijana wangu. Na nikimwambia, nitakuwa nimempa nini mama wa watu? Amezeeka akijua ni chuo.

Kila Jumanne, siku ya lile somo, analipiga lile koti pasi, ananiuliza, "Mzee, leo pia huendi?" Namwambia ni goti. Jumanne iliyopita tulikuwa mezani, akaacha kula akaniangalia sana. Akasema, "Goti liko sawa. Huo mkono wa kushoto ndio siku hizi hautoki mfukoni. Una nini?"

Nilivuta sahani nikaendelea kula. Amesema hataniuliza tena, atangoja nikiwa tayari. Kesho ni Jumanne na koti liko mlangoni. Msiniambie niombe, kuomba naomba. Wenye mmewahi kubeba kitu kama hiki nyumbani, nimwambie au nife nacho?